Robo Saa Ndani ya Gari la Mikate

Mimi ni fundi magodoro, na dukani kwangu kuna sheria moja: hununui kabla hujalala. Unavua viatu, unajinyoosha, unalala robo saa nzima huku saa ya ukutani ikikutazama. Wateja hucheka. Wengine huona haya, hasa wakiwa wamekuja na wakwe zao. Nawaambia dakika tano za mwanzo hata sakafu ni godoro, ukweli wa mgongo huanza kusemwa dakika ya kumi. Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimeongeza saa tu.

Kwa hiyo siku tuliyokwenda kuchagua gari la kulala, mkobani mwangu mlikuwa na vitu viwili: futi ya kupimia, na simu niliyoitegesha kengele ya dakika kumi na tano. Nilikuwa na furaha mpaka viganja vinatoka jasho. Nilifunga duka asubuhi na mapema, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu msiba wa mama mkwe, na jirani yangu muuza vitambaa akadhani kuna mgonjwa. Nikamwambia hakuna mgonjwa, tunakwenda kununua nyumba yenye magurudumu. Akanitazama kama mtu aliyepandwa na homa.

Gari lenyewe lilikuwa la kuendea mbio za Nyenje.

Nyenje ni binti yetu. Jina lake la vyeti lipo, lakini mtaani ni Nyenje, na sababu ni baiskeli. Baba yake ni fundi baiskeli. Tangu mtoto ana miaka saba alimfundisha jambo moja: ukipita mlangoni pa karakana, acha kukanyaga. Liache gurudumu la nyuma lizunguke lenyewe, nilisikilize. Basi mtoto akipita pale, tik-tik-tik-tik, utadhani nyenje kajificha ukutani, na baba yake bila hata kumtazama anainamisha kichwa, anasikiliza, halafu anasema, "Liko sawa, nenda." Au anasema, "Rudi hapa, kuna spoki imelegea." Na ukiishika, kweli imelegea. Sasa mtoto ana miaka ishirini na mitatu, anashindana mbio za baiskeli za milimani, ameshashika nafasi ya kwanza mara mbili, na bado akipita mlangoni pa baba yake anaacha kukanyaga. Mazoea yana taabu.

Baba yake hajaziona mbio hizo hata mara moja. Miaka minne iliyopita aliteleza kwenye ngazi akitundika baiskeli juu darini, na mgongo ukapona nusu. Anatembea kwa fimbo. Kazi anafanya akiwa amesimama. Ila kukaa kwenye kiti cha gari zaidi ya nusu saa hawezi, na milima haiko nusu saa kutoka kwetu. Daktari alisema anaweza kusafiri akiwa amelala chali, amenyooka. Tukamjaribu kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Alirudi uso umekuwa wa kijivu, na wiki nzima hakusema na mtu.

Tangu siku hiyo, kila nikifunga mizigo kwenda mbioni na Nyenje, yeye hutoa sentensi ile ile: "Nendeni. Mimi nitalinda nyumba." Hiyo nyumba ina nini cha kuibwa? Masufuria? Hata tarehe ya mbio haulizi. Asiyemjua angesema hajali. Mimi ninayelala naye ndiye ninayejua, maana tukirudi huichukua ile baiskeli kabla hajamsalimia mtu, akaliinua gurudumu, akalizungusha na kulisikiliza kama vile litamsimulia yaliyotokea huko.

Mbio kubwa za mwaka zilipobaki wiki mbili, mwendo wa saa sita kutoka nyumbani, Nyenje aliniambia jikoni, "Mama, mara hii Baba anakuja. Kama hakuna gari la kumlaza, na mimi siendi." Nilitaka kumgombeza kwa kutoa masharti kama mwanasiasa. Badala yake nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

*

Dalali alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko magari. Uwanja wake ulizungushiwa mabati, na katikati, pamefagiliwa vizuri, palisimama gari jeupe refu linalong'aa. Nyenje alipoliona alipiga kelele, akaiangusha chini baiskeli aliyokuja nayo.

"Dada, hili ni la wenyewe!" Dalali alifungua mlango kwa mikono miwili. "Friji ipo. Jiko lipo. Sinki, maji yanatoka. Televisheni. Nyuma kuna mahali pa kufungia baiskeli tatu. Ukiwa na hili, hoteli zitakulilia."

Mume wangu alilizunguka lote kwa fimbo yake. Alipofika nyuma, akavishika vile vyuma vya kufungia baiskeli, akavitikisa, na macho yakamng'aa kama ya mtoto. "Hivi vimechomelewa na mtu anayejua kazi," alisema. Mtu huyu hasifu kazi ya fundi mwenzake mara mbili kwa mwaka.

Mimi na Nyenje tukavua viatu, tukapanda, tukalala. Dalali akachungulia.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunalala."

"Sasa hivi?"

"Robo saa. Funga mlango, unaleta mwanga."

Jamani, kile kitanda! Sponji ya daraja la kwanza, naijua kwa mgongo. Nyenje alikuwa akinifinya mkono, ananong'ona pazia tutaweka la rangi gani, Baba atalala upande gani, sufuria zitakaa wapi. Nikanong'ona na mimi. Tulikuwa kama watoto waliojificha uvunguni. Dakika ya kumi ndipo nilipogundua kwamba tuko wawili.

"Baba Nyenje!" niliita. "Ingia, bwana, ujaribu!"

"Nimeshaliona," alijibu kutoka nje. "Ni zuri. Chukueni hilo."

"Hujalala."

"Mnaolala ni nyinyi. Chukueni, litawafaa. Mimi nitalinda nyumba."

Nyenje aliacha kunifinya mkono. Nilishuka na futi yangu, nikapima kutoka ardhini hadi kidato cha kwanza. Kilinifika juu ya goti. Mume wangu alikuwa amekipima kwa macho tangu tulipofika, akanyamaza, akaenda kusifia vyuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini huyu wangu angekiambia hata kifo kwamba hakuna tatizo.

Dalali, Mungu amsamehe, akadhani anasaidia. "Aa, kidato tu hicho mzee! Vijana wawili wanatosha. Wanakunyanyua kama kiroba cha mchele, hop, umeshaingia!"

"Kiroba wewe mwenyewe!" Sikujua sauti ile ilikuwa yangu mpaka mabati yalipoirudisha. "Huyo ni mume wa mtu! Ni fundi! Mikono hiyo imenyoosha magurudumu ya mji mzima, leo umnyanyue kama mchele? Thubutu! Nionyeshe gari lingine kabla sijakunyanyua wewe!"

Dalali alituonyesha lingine haraka sana.

La pili lilikuwa limewahi kuwa gari la wagonjwa. Lilikuwa na kitanda cha reli ambacho unakivuta mpaka nje, unamlaza mtu, unakisukuma ndani. Kwa mgongo ule, hakuna kingine ambacho kingefaa zaidi. Hata Nyenje alinitazama kwa matumaini. Lakini mume wangu alisimama mbali, mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Hilo nilishalipanda mara moja," alisema. "Inatosha."

Hakuna aliyebisha. Siku ile ya ngazi nilikuwa nimekaa pembeni yake ndani ya gari kama hilo, nimeshika soli ya kiatu chake kwa sababu ndicho kitu pekee walichoniruhusu kushika.

Basi furaha yote ikanywea. Nyenje akapanda baiskeli, akaanza kuzunguka uwanjani, amenuna, anazunguka tu. Dalali akawa anapiga simu kutafuta magari ya wenzake. Mimi nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikawa nahesabu siku, kumi na mbili, na saa sita za njia, nikimchukia kila mtu aliyetengeneza kidato kirefu duniani. Nilimwona Nyenje akipita mbele ya baba yake, akaacha kukanyaga. Tik-tik-tik, halafu krak.

"Simama," mume wangu alisema. "Mnyororo huo umekauka. Lete hapa."

Niligeuza uso, maana machozi yalikuwa yananikaribia na mimi silii mbele ya madalali. Nilipogeuka tena, nikaona fimbo. Ilikuwa imeegemezwa kwenye ubavu wa gari moja chakavu pale pembeni, gari la boksi, la rangi ya maziwa yaliyoungua, ubavuni limeandikwa kwa herufi nyekundu kubwa: MIKATE MOTO KILA ASUBUHI. Dalali alikuwa amelifanya stoo. Fimbo ilikuwa nje.

Mwenye fimbo alikuwa ndani.

Alikuwa humo amesimama wima, anatafuta tambara la kufutia mnyororo katikati ya makopo ya rangi. Akalipata. Akashuka. Hivi hivi, kama mtu anayetoka chumbani kwenda sebuleni. Hakushika mlango, wala hakuguna. Akamwendea Nyenje, akainama kidogo, akaanza kufuta mnyororo, anamsema kwa uvivu.

Nyenje alikuwa ameona. Alinitazama juu ya kichwa cha baba yake, macho yamemtoka, nikamwashiria kwa kidole mdomoni anyamaze. Nilinyanyuka taratibu, nikatoa futi, nikapima. Kidato kilikuwa chini hata ya nusu ya goti, na mlango mpana kama wa nyumba. Nikaelewa. Mpeleka mikate hupanda na kushuka mara mia kwa asubuhi moja, mikono yote miwili imebeba trei. Aliyelitengeneza gari lile aliyahurumia magoti yake.

"Dalali!" niliita. "Hili."

"Hilo?" Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha kucheka. "Mama, hilo si la kuuza. Ni stoo. Halina kitanda, halina jiko, halina…"

"Linatembea?"

"Kutembea linatembea. Injini yake haina neno. Lakini mama, nitaonekanaje nikikuuzia stoo?"

"Utaonekana umeuza. Toa makopo yako."

Mume wangu alikuja kwa fimbo yake, ameshika tambara. "Kuna nini?"

"Vua viatu," nilimwambia. "Robo saa."

Alilitazama gari, akanitazama, akatazama mlango aliotoka sasa hivi, na ndipo akagundua alichokifanya. Nilimwona anavyogundua. Alivua viatu, akavipanga vizuri kama afanyavyo dukani kwangu, akapanda tena. Safari hii aliangalia mguu wake mwenyewe ukipanda.

Tulitandika maboksi yaliyokunjuliwa, tukalala watatu kwenye sakafu ya bati, Dalali akawasha, akatuzungusha barabara yenye mashimo, maana nilimwambia lami hainisaidii kitu. Kulikuwa na harufu ya mkate, hafifu, imeingia kwenye mbao. Kila shimo nilikuwa nachungulia uso wa mume wangu. Shimo la kwanza alikaza taya. La pili hivyo hivyo. La tano sikuona kitu. La saba alikuwa anakoroma.

Kengele ililia. Niliizima. Dalali aliegesha, akafungua mlango, nikamwonyesha ngumi, akaufunga. Tulikaa humo kimya, mimi na binti yangu, tumekaa juu ya maboksi tumeshika viatu, tunamtazama mtu akilala mchana kweupe. Nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga vigelegele, na siwezi, kwa sababu ningemwamsha.

Alipofumbua macho alitazama ukuta wa bati, akatazama juu, kwenye kidirisha kidogo karibu na paa.

"Dirisha liko juu mno," alisema. "Nikilala sitaiona njia."

Sitaiona njia! Nyenje aliruka akagonga kichwa kwenye paa.

*

Siku kumi na mbili zile sikumbuki kama nililala. Nilishona godoro kwa mikono yangu, gumu kiunoni, laini mabegani, nikalijaribu si robo saa, bali usiku mzima. Mchomelea vyuma alikuja kukata dirisha. Nilimsimamisha pembeni, nikamlaza mume wangu, nikaweka alama kwa chaki pale pale macho yake yalipofika. "Kata hapa," nikamwambia. "Ukikosea kwa kidole kimoja utalala wewe humo." Mume wangu alitengeneza vyuma vya kufungia baiskeli, akiiga vile vya gari jeupe, halafu akasema vyake ni bora. Nilitaka tupake rangi zile herufi. Nyenje alikataa katakata. Alisema anataka aweze kuliona gari letu tangu mbali.

Tulifika milimani jioni ya kuamkia siku ya mbio. Saa sita njiani, tumesimama mara tano anyooshe miguu, na yeye amelala ubavuni mwa dirisha lake anatusomea kila kibao cha barabarani kama sisi hatuna macho. "Daraja jembamba! Punguza mwendo! Ng'ombe!" Niliendesha mimi. Sijawahi kufurahi kupigiwa kelele namna ile.

Asubuhi niliamshwa na mtu akigonga ubavuni. Nikafungua. Foleni. Watu kumi na watano hivi, wengine na watoto, wameshika mifuko.

"Mama, mikate imeshatoka?"

"Mikate haipo."

"Lakini mmeandika kila asubuhi."

"Humu kuna mume tu, na hauzwi!" Walicheka foleni nzima, na mume wangu kutoka kitandani akauliza kama kuna aliyetoa bei.

Tuliegesha pale njia inapomaliza kupanda, kwenye kipande kifupi cha tambarare kabla haijateremka hadi mstari wa kumalizia. Mwenyewe alipachagua. Alisema hapo ndipo gurudumu husema kweli. Watu walijaa pande zote mbili, wanapiga ngoma za madebe na filimbi. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya kreti kando ya dirisha lake.

Kelele zikaanza chini, zikapanda na mlima. Akatokea. Peke yake! Tope hadi masikioni, anakanyaga kwa mabega yote, na nyuma yake, hatua hamsini hivi, msichana mwenye fulana ya buluu. Mwanangu anaongoza! Nilipiga kelele zisizo na maneno. Nikageuka kumwinua mume wangu mto aone vizuri, na kitandani hakuna mtu.

Alikuwa ameshashuka. Amesimama mlangoni, miguu yote miwili chini, fimbo kwapani, chini ya yale maandishi mekundu.

Nyenje akainua uso. Akaona herufi. Akamwona baba yake mlangoni.

Akaacha kukanyaga.

"Ala!" nilipiga yowe. "Wewe mtoto! Kanyaga! Kanyaga!" Watu walidhani mnyororo umekatika. Msichana wa buluu alikuwa anakuja kama moto. Na binti yangu anateleza tu mbele yetu, miguu imetulia, tik-tik-tik-tik-tik, na mume wangu, badala ya kumpigia kelele kama mzazi mwenye akili, ameinamisha kichwa, ameninyooshea mkono ninyamaze, anasikiliza.

"Liko sawa!" akapaza sauti. "Nenda!"

Akaenda. Waliteremka wawili, bega kwa bega, na kule chini alikosa nafasi ya kwanza kwa nusu gurudumu.

Aliporudi kwetu anasukuma baiskeli, mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kutosha wiki mbili. "Nusu gurudumu! Mwaka mzima wa mazoezi! Nani anasimamisha miguu kwenye mbio? Nani?"

"Sikukusudia, Mama," alisema. Alikuwa anacheka na kulia, tope linatengeneza njia mashavuni. "Nilimwona Baba mlangoni. Miguu iliacha yenyewe."

Mume wangu alikuwa tayari ameshaiinua baiskeli nyuma, amelizungusha gurudumu, lakini safari hii hakulisikiliza. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Mbio zinazofuata ni lini?" aliuliza.

Miaka minne hakuwahi kuuliza. Nilitafuta tarehe kwenye simu, nikabonyeza kengele ya robo saa kwa bahati mbaya, ikalia, sote tukacheka.

"Baada ya miezi miwili," nilisema.

"Basi mara hiyo," alisema, akamfuta binti yake tope usoni kwa kiganja, "mtaniegesha baada ya mstari wa mwisho."